Salamu za Vichwa Mia

Nchi ya Taadhima haiko mbali wala haiko karibu. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukihisi inafanana na nchi unayoijua, basi futa miwani yako uangalie tena. Watu wake ni wema. Tuanze na hilo, kwa sababu huko mbele kuna mambo yanayoweza kukusahaulisha.

Katika nchi hiyo salamu ilikuwa jambo kubwa. Mtu hakuuliza bei ya nyanya kabla ya kujua watoto wa muuzaji wameamkaje. Hilo ni jema, na hakuna aliyelilalamikia. Lakini wakubwa wa Taadhima waliona kwamba jambo jema likiachwa mikononi mwa wananchi bila usimamizi litaharibika, wakalitungia Sheria ya Itifaki. Tangu hapo hakuna kazi ya serikali iliyoweza kuanza kabla waliopo hawajatambuana mmoja mmoja, kwa vyeo, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Zimamoto walitambuana kwanza, nyumba ikiwaka. Wakunga walitambuana. Walikuwapo watoto waliozaliwa katikati ya utambulisho, na hao walihesabiwa kuwa wamefika bila mwaliko.

Zamda Kilalo alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika Idara ya Utabiri wa Maji. Alizaliwa Magonera, kijiji kilichoko chini kabisa kwenye bonde la Mto Mkeha. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, akalelewa na shangazi yake, Bi Sikudhani. Huyu Bi Sikudhani alikuwa akimwachia ukoko wote wa wali, akisema yeye ukoko haupendi. Zamda alikuwa mtu mzima tayari, ana ofisi na kiti cha kuzunguka, siku ilipomjia akilini kwamba hakuna mtu asiyependa ukoko. Alilia palepale ofisini, akadanganya kwamba ni vumbi.

Kazi ya Idara ilikuwa moja. Mvua ikinyesha milimani, vipimo vililetwa, vikaingizwa kwenye mashine, na mashine ikapiga hesabu kujua mto utajaa wapi na lini. Mashine ya zamani ilikuwa na kichwa kimoja tu cha kufanyia hesabu. Ilikuwa polepole, lakini ukiiwekea kazi asubuhi, jioni ilikuwa na jibu, na watu wa bondeni walipata muda wa kuchukua watoto na kuku.

Kisha serikali ikanunua mashine mpya ya vichwa mia.

Vichwa mia si jambo dogo. Kila kimoja kinaweza kufanya hesabu yake wakati kingine kinafanya yake, kama wanawake jikoni kwenye shughuli kubwa: huyu anamenya vitunguu, yule anachambua mchele, wa tatu yuko kwenye moto, na kabla wageni hawajakaa, chakula kiko tayari. Zamda alipoiona ikishushwa alifurahi kama aliyepewa yeye.

Lakini programu iliyopachikwa humo ilikuwa ileile ya zamani, iliyoandikwa kwa ajili ya kichwa kimoja. Nayo, kama kazi zote za serikali, ilikuwa na itifaki ndani yake: kabla ya kila hesabu, kichwa kilitambua vichwa vyote vilivyopo. Kwenye mashine ya zamani hilo halikuwa na madhara, maana kichwa kilijisalimia chenyewe kikaendelea. Kwenye mashine mpya, kila kichwa kilipotaka kujumlisha mbili na mbili kilianza kwa kusalimia vichwa tisini na tisa, kikasubiri kila kimoja kiitikie. Wizara nayo, isitake kuonekana imelala, ikavipa vyeo. Pakawa na Kichwa Mwandamizi, Kichwa Kaimu Mwandamizi, Vichwa Wasaidizi, na huko chini kabisa Kichwa cha Kujitolea. Mdogo hakuweza kutaja jumla kabla mkubwa hajataja yake.

Mashine ya kichwa kimoja ilitoa jibu kwa nusu siku. Mashine ya vichwa mia ilitoa jibu siku ya tatu.

Mwaka huo utabiri wa mafuriko ulitoka wakati watu wakiwa kwenye mazishi. Wataalamu wa Wizara waliulinganisha na mafuriko yenyewe, wakakuta umelingana nayo katika kila kitu: kimo cha maji, mahali, hata saa. Mheshimiwa Sululu, Waziri wa Mitambo na Maadili, alisimama bungeni akasema hakuna taifa duniani lenye utabiri sahihi kiasi hicho. Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikaanguka.

*

Zamda alimwendea Mkurugenzi wake, Bwana Pazi. Bwana Pazi alikuwa mtu mwema mwenye hofu. Mama mpishi wa chai alipokuwa akimpeleka mwanawe kliniki, Mkurugenzi alichemsha chai yeye mwenyewe, na kuwagawia wote, na kusema ni zamu yake. Lakini simu ya Waziri ikilia, alisimama wima kabla ya kuishika.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Zamda. Umeamkaje? Shangazi kule bondeni?"

"Mzima. Mkurugenzi, mashine haina kosa lolote. Kosa ni programu yetu. Tumenunua vichwa mia, tumevipa programu ya kichwa kimoja. Vinashinda vinasalimiana tu. Hesabu yenyewe ni kufumba na kufumbua."

"Salamu si kupoteza wakati, mwanangu."

"Kwa watu, hapana. Lakini vile vichwa havina watoto wa kuulizwa hali."

Bwana Pazi aliangalia mlango, akashusha sauti. "Sasa unataka mashine ya serikali iwe haina adabu?"

"Nataka kila kichwa kipewe kipande chake cha mto. Hiki kishike milimani, hiki darajani, hiki Magonera. Kila kimoja kiwekewe tarakimu zake karibu, kisitumwe ghalani kwa kila chembe ya chumvi. Kikimaliza, kiseme kimemaliza. Programu ifanane na mashine iliyopo, si ile tuliyoiuza kwa fundi vyuma."

Bwana Pazi alikuna kidevu. Kusema kweli alimwelewa vizuri, na siku hiyohiyo alikwenda Wizarani. Alirudi amenywea kama nguo iliyofuliwa.

"Waziri anasema programu haiwezi kufuata mashine," alieleza. "Anauliza, tangu lini mwenye nyumba akamfuata mgeni? Mashine ndiyo iliyokuja kwetu. Mashine ndiyo ijifunze."

Kwa hiyo mashine iliandaliwa semina. Iliwekewa meza yenye kitambaa cha kijani, chupa ya maji na kalamu. Mtoa mada alizungumza nayo juu ya uzalendo, maadili ya kazi na madhara ya haraka. Mchana iliwekewa sahani ya sambusa, ambayo mtoa mada alilazimika kuila kwa niaba yake. Mwishoni ilipewa cheti, kikatundikwa ubavuni, mahali penye matundu ya kutolea joto. Kuanzia hapo ikawa inapata moto na kuzimika kila alasiri. Wizara ikasema hiyo ni ishara kwamba imeanza kuguswa.

Wakati huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Mafuriko ya Uvumi. Kisa chake ni kwamba kijiji kimoja kilihama kwa kusikia tu mto unavyonguruma, na wageni wa kutoka ng'ambo waliopelekwa kukitazama wakakikuta kina paka peke yake. Ilikuwa aibu. Kwa hiyo ikaamriwa: hakuna atakayekimbia maji kabla redio ya taifa haijatangaza utabiri rasmi. Kijiji kitakachohama bila tangazo kitahesabiwa kimetelekezwa, na ardhi yake itachukuliwa na Wizara kwa matumizi bora.

Watu wa Magonera walisikiliza sheria hiyo ikisomwa, wakapiga makofi kama walivyoombwa. Kisha wakarudi makwao kutazama mawingu.

*

Mvua za mwaka uliofuata zilianza kabla ya wakati wake. Zamda hakuwa analala vizuri. Kila alipopata nafasi aliandika upya programu, kipande kwa kipande, bila itifaki, kila kichwa na sehemu yake ya mto. Alikuwa ameificha ndani ya faili aliloliita Picha za Harusi, kwa sababu hakuna ofisa wa Taadhima anayeweza kufungua picha za harusi za mtu mwingine kwa hiari yake.

Vipimo kutoka milimani vilifika asubuhi ya sherehe ya kutimiza mwaka tangu mashine izinduliwe. Vilikuwa vipimo vibaya. Zamda alivisoma mara mbili. Nje turubai lilikuwa limefungwa, ngoma zinapigwa, Idara yote imevaa fulana zenye picha ya mashine. Chumba cha mashine kilikuwa kitupu.

Aliingia akafungua Picha za Harusi.

Nje, Waziri Sululu alishika kipaza sauti. "Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, naomba kujitambua. Mheshimiwa Naibu Waziri. Mheshimiwa Katibu Mkuu. Mheshimiwa Katibu Mkuu Mstaafu. Mheshimiwa mke wa Katibu Mkuu Mstaafu..."

Ndani, vichwa mia viliinama kazini kwa pamoja. Hakuna kilichomsalimia mwenzake. Zamda alisikia feni za mashine zikivuma kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, sauti ya nyumba yenye kazi. Jibu lilitoka Waziri akiwa bado kwa wakuu wa wilaya.

Magonera. Kesho, kabla ya adhuhuri. Maji juu ya madirisha.

Alimvuta Bwana Pazi kutoka kiti cha mstari wa pili, wakasimama nyuma ya turubai, karibu na masufuria ya pilau. Bwana Pazi alisoma karatasi.

"Nani amefungua hesabu hii? Nani alitambulishwa?"

"Hakuna. Ndiyo maana imewahi."

"Basi haipo, Zamda. Haijafunguliwa rasmi. Redio hawataisoma. Nikiwapelekea watauliza kwanza imepitia kwa Kichwa Mwandamizi."

"Shangazi yangu yuko kule. Watu wote wako kule. Mkurugenzi, wanasubiri redio."

"Hesabu rasmi inaanza baada ya hotuba," alisema Bwana Pazi. "Itachukua siku tatu." Alisema hivyo huku akitazama chini. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Huna msiba wowote?"

"Sina, namshukuru Mungu."

"Fikiria vizuri. Mimi nawapa ruhusa watu wenye msiba, wala siwaulizi marehemu ni nani. Hiyo haihitaji kibali cha Wizara."

Zamda alimtazama. Mzee wa watu macho yalikuwa mekundu.

"Basi ninao," alisema.

"Pole sana," akajibu Bwana Pazi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nenda. Na wenzako wote wafiwa uwape pole yangu."

*

Alipanda lori la magunia ya mkaa. Dereva alitandika kanga ya mkewe juu ya kiti ili gauni lake lisichafuke, na hakumwuliza neno, maana aliona uso wake. Walifika Magonera alasiri. Jua lilikuwa linawaka kana kwamba hakuna mvua popote, na mto ulikuwa umetulia, rangi ya chai ya maziwa.

Bi Sikudhani alikuwa uani anachambua choroko.

"Shangazi, maji yanakuja!"

"Shikamoo yangu iko wapi?" alisema Bi Sikudhani bila kuinua macho. Kisha akayainua. Aliona masizi mashavuni, na karatasi mkononi, na midomo ya yule mtoto wake inavyocheza. Akaweka ungo chini. "Haya, acha. Shikamoo utanipa baadaye. Maji gani?"

Zamda alieleza. Jirani waliposikia walisogea, mmoja akaenda kumwita mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ngwali. Alikuja na redio yake kifuani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mzee Ngwali hakuwahi kuizima tangu sheria ile ipite. Wakati wa kulala aliilaza kwenye mto wa kitandani, upande aliokuwa akilala mke wake, Mungu amrehemu.

"Ninakuamini, mwanangu," alimwambia Zamda. "Nimeuona mto huu leo, umenyamaza kama mtu mwenye nia mbaya. Lakini redio haijasema. Tukihama, ardhi imekwenda. Wenzetu wa kule juu walihama, leo kuna ukuta na mbwa."

"Tukibaki, tumekwenda sisi," alisema mama mmoja.

"Sheria inasema nini hasa?" aliuliza Bi Sikudhani. "Inakataza kukimbia maji. Je, inakataza kwenda mazikoni?"

Watu walitazamana. Sheria haikugusa msiba. Hata wakubwa wa Taadhima walikuwa wanakufa, na kila mmoja alitaka mazishi yake yajae. Na makaburi ya Magonera yalikuwa juu ya kilima.

"Kwenda mazikoni ruksa," alisema Mzee Ngwali polepole. "Kijiji kizima, ukipenda. Lakini amekufa nani?"

"Mimi," akasema Bi Sikudhani.

Kisha mama yule wa mwanzo akauliza, "Tangu saa ngapi, mwenzangu?"

"Sasa hivi, nikichambua choroko."

"Na umeugua nini?"

"Uchovu. Andikeni uchovu, hakuna atakayebisha."

"Loo, na ulivyokuwa mchangamfu," alisema jirani mwingine, na hapo wakacheka, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Zamda alicheka nao. Mzee Ngwali alimsogelea Bi Sikudhani, aliyekuwa anapangusa mapepe ya choroko kwenye kanga.

"Pole sana, marehemu," alisema.

"Asante, mwenyekiti. Ndiyo kazi ya Mungu."

"Msiba utatoka kwangu alfajiri," akatangaza, na sauti yake ikawa ya kiofisi. "Kila mtu abebe vitu vya kumstahi marehemu."

*

Asubuhi watu wa Magonera walimbeba Bi Sikudhani kwenye jeneza la msikiti, amefunikwa shuka, wakapandisha kilima. Nyuma yao walikuja wengine na magodoro, masufuria, kuku, mbuzi, mlango mmoja na cherehani. Wazee wasioweza kutembea walibebwa mgongoni. Katikati ya njia palikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi palikuwa na askari.

"Mnakwenda wapi na magodoro?"

"Mazikoni, afande. Tutalala matanga."

"Na cherehani?"

"Sanda haijaisha."

"Na huyu mbuzi?"

"Wa hitima."

Askari alitazama mstari ule mrefu, akafika kwa vijana wanne waliobeba kabati la vyombo, vikombe vinagongana ndani. "Na kabati?"

Kutoka chini ya shuka sauti ilisema kwa upole, "Nilikuwa nalipenda sana, baba."

Yule askari alisimama. Alitazama jeneza, akatazama mto kule chini, ambao sasa ulikuwa umeanza kupiga povu. Akavua kofia. Akainua mti wa kizuizi, kisha akaenda kushika pembe ya nne ya kabati, kwa sababu kijana wa upande ule alikuwa amechoka.

Walipofika juu, Zamda aliwatazama mmoja mmoja, akarudia mara ya pili.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

Bi Sikudhani aliketi ndani ya jeneza. Alikuwa anajua. Usiku uliopita Mzee Ngwali alikuwa amemweleza, akamwomba asiseme kabla watu hawajapanda. Sheria ilikuwa wazi: kijiji chenye mwenyekiti ndani yake ni kijiji kinachokaliwa. Akiondoka yeye, msiba au si msiba, Wizara itasema Magonera imetelekezwa. Kwa hiyo angebaki, apande juu ya paa la ofisi, asubiri tangazo. Redio ikisema tu, angeshuka na kupanda kilima kama mtu mwingine.

"Shangazi, redio haitasema! Mimi nilimwambia haitasema!"

"Alijua, mwanangu."

Zamda alianza kukimbia kuteremka. Askari alimkamata kiunoni, akamshika, akamshika tu.

Kutoka kilimani walimwona. Alikuwa amekaa juu ya paa la bati, magoti pamoja, redio imeinuliwa juu ili ishike mawimbi vizuri. Watu walimwita wote pamoja. Alipunga mkono. Mmoja wao alikuwa na redio pia, akaifungua, na wote wakasikia alichokuwa anakisikia yeye: kipindi cha salamu. Mtu alikuwa anamsalimia mjomba wake, na shemeji yake, na wote wanaomfahamu.

Maji yalifika kabla ya adhuhuri. Yalipita juu ya madirisha, kama vichwa vile mia vilivyosema, kisha yakapita juu ya paa.

*

Tangazo rasmi lilisomwa siku ya tatu. Lilianza kwa kuwatambua viongozi, na kabla ya taarifa ya habari kumalizika likafika kwenye jambo lenyewe. "Wananchi wa Magonera," mtangazaji alisoma bila kukwama, "mnatakiwa kuhama makazi yenu ifikapo juzi."

Waziri Sululu aliwasili na msafara wake. Alisimama mbele ya makaburi, miguu ya suruali imekunjwa, akaipongeza Idara kwa utabiri ambao haukukosea hata kidole. Akampongeza Mzee Ngwali, aliyepatikana mbali sana huko chini kwenye matete, kwa kuwa raia pekee wa bonde lote aliyesubiri tangazo. Akampa nishani. Nishani ilitundikwa kwenye msalaba wa mti, kwa kuwa hakuna aliyejua mahali pengine pa kuitundika, ingawa marehemu alikuwa Mwislamu.

Ardhi ilibaki yao. Hilo lazima lisemwe. Magonera haikutelekezwa, na watu waliamriwa washuke wakajenge upya palepale, kwenye tope, maana kilimani ni makaburi na ni marufuku kwa aliye hai kuishi makaburini. Ni Bi Sikudhani peke yake aliyeruhusiwa kubaki. Cheti chake cha kifo kilikuwa kimeshapigwa muhuri, na ofisa wa msafara alithibitisha kwamba yuko mahali panapomstahili. Alijengewa kibanda. Kila jioni watoto wa chini walipanda kwake, akawapa uji, akawashikilia walale hukohuko juu, kila siku kwa kisingizio kipya.

Zamda alingoja kukamatwa. Hakukamatwa. Bwana Pazi aliandika kwamba yeye ndiye aliyeacha mlango wazi siku ya sherehe na kwamba mashine ilijifungua yenyewe kwa hisia za uzalendo. Alihamishiwa bohari ya mafagio, na aliondoka akiwa amebeba birika lake la chai, akimwachia Zamda maneno mawili tu: "Niliweza hilo."

Kisha wakaja wote kwenye chumba cha mashine. Waziri, Naibu, Katibu, na Mkurugenzi mpya ambaye hakuwa na kidevu cha kukuna. Waziri alitangaza kwamba taifa limeamua kumuenzi shujaa Ngwali. Kuanzia leo, kila kichwa cha mashine, baada ya salamu na kabla ya hesabu, kitanyamaza dakika moja kwa heshima yake. Na nani mwingine wa kuandika maneno hayo kwenye programu kama si binti wa Magonera mwenyewe?

Macho yote yalimgeukia Zamda. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi. Aliviondoa, akaviweka mapajani.

"Siandiki," alisema.

Katibu alifungua daftari lake.

"Mzee Ngwali hakutaka mashine inyamaze," Zamda alisema, na sauti yake ilipasuka katikati, lakini hakuacha. "Alikaa juu ya paa akitaka iseme. Iseme mapema. Hicho tu. Kama mnamheshimu, acheni vichwa hivi vifanye kazi, mtu asisubiri tena namna ile."

Mheshimiwa Sululu alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua, machozi ya kweli yalikuwa yanamteremka. Alimsogelea Zamda akamkumbatia.

"Sijapata kusikia maneno mazuri kama haya," alisema. "Katibu, umeyaandika? Yote? Yaingizwe. Kila kichwa kiyasome kwa vichwa vingine tisini na tisa, neno kwa neno, kisha ndipo kinyamaze."

Walipiga makofi. Mtu mwingine, kijana mwenye mikono myepesi, aliketi kwenye kiti cha Zamda akaandika, na kabla ya chakula cha mchana kila kitu kilikuwa tayari. Vipimo vya milimani vya siku hiyo viliingizwa. Mashine ikawashwa. Vichwa vikasalimiana kwa vyeo vyao, kisha Kichwa Mwandamizi kikaanza kuwasomea wenzake: acheni vichwa hivi vifanye kazi.

Zamda alikaa kwenye ngazi za nje akisikiliza. Jioni vilikuwa vimefika kwenye Kichwa Msaidizi cha pili, na tarakimu ya kwanza ilikuwa bado haijaguswa. Kule upande wa milima kulikuwa kumeshakuwa kweusi. Aliinuka, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaenda barabarani kutafuta lori la mkaa.